Zulia la kijani ndani ya tangi la samaki: rahisi kuotesha, hatari kutupa

UKISAFIRI kutoka Bujumbura kuelekea kusini, kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, siku hizi utayakuta matangi ya samaki ya vioo mahali ambapo zamani hukuyaona: kwenye mapokezi ya nyumba za wageni, ndani ya maduka ya dawa, hata kwa kinyozi. Mengi yanafanana. Chini kumemwagwa kokoto za rangi ya buluu, katikati kumesimamishwa majani ya plastiki, na samaki watatu au wanne wanazunguka bila pa kujificha. Mwenye tangi akikufungulia simu yake utaona kile alichokuwa anakitaka: sakafu ya majani mafupi mabichi, yametandazwa kama zulia la msikitini, na samaki wanapita juu yake.

Swali ninaloulizwa na wazazi wa wanafunzi wangu, na zaidi na wafanyabiashara wanaovuka mpaka kati ya Mugina na Manyovu, ni moja tu. Je, zulia lile linaweza kuota kwetu bila mitambo ya Ulaya? Jibu ni ndiyo. Ninalo darasani, katika tangi la lita 54, na halijawahi kuunganishwa na mtungi wa gesi. Lakini jibu hilo lina mkia, na huo mkia ndio ulionifanya nishike kalamu. Mmea ulio rahisi kuota ndani ya kioo ni rahisi vilevile kuota nje ya kioo, na nje ya kioo kwetu sisi ni Ziwa Tanganyika.

Picha zinazodanganya

Mtindo huu wa kutandika majani ndani ya tangi ulienezwa sana na Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyezaliwa mwaka 1954. Alipanga mawe, magogo na majani chini ya maji kama mtu anayepanga bustani, kisha akapiga picha, na picha hizo ndizo zilizozunguka dunia. Kazi yake kubwa ya mwisho ipo Lisbon, Ureno: tangi lenye urefu wa mita 40 na ujazo wa lita 160,000, lililofunguliwa kwa umma mwaka 2015, mwaka huohuo aliofariki.

Hata hivyo, mimea mingi inayoonekana katika picha za namna hiyo haifai kwa mtu wa kawaida. Upo mmoja mdogo sana kutoka Kuba, Hemianthus callitrichoides, ambao majani yake ni ya milimita chache tu. Upo mwingine, Glossostigma, wenye asili ya Australia na Nyuzilandi. Hiyo ndiyo inayopendeza kuliko yote, na ndiyo inayokufa kwanza. Ili itambae na kushikamana inataka taa kali na gesi ya kabonidayoksaidi inayopulizwa majini mchana kutwa kutoka kwenye mtungi.

Sababu yake tuliisoma darasani, ila wengi tuliiacha hukohuko. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga, maji na kabonidayoksaidi. Mmea wa nchi kavu hupata gesi hiyo hewani bila taabu. Chini ya maji gesi husambaa polepole mno, kiasi cha mara 10,000 polepole kuliko hewani, kwa hiyo jani lililozama huweza kukaa na njaa huku gesi ipo sentimita chache tu kutoka lilipo. Ukiliwashia taa kali wakati halina gesi, unakuwa umempa mtu jembe na kumnyima chakula. Anayefaidi mwanga huo ni mwani, ule utelezi wa kijani unaofunika vioo.

Namjua kijana mmoja wa Rumonge aliyeagiza vikopo 40 vya mmea huo wa Kuba kutoka ng'ambo. Baada ya wiki tatu alikuwa na mchuzi wa kahawia. Aliniambia, “Mwalimu, wameniuzia maiti.” Mimea ilikuwa hai alipoipokea, nami niliiona. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemweleza kuwa bidhaa ile huuzwa pamoja na mtungi, na mtungi hakuwa nao.

Maji yetu na mmea unaoyapenda

Kabla ya kununua mche wowote, fahamu maji yako. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna maji ya namna yake. Maji ya bomba ya Bujumbura kwa sehemu kubwa hutoka ziwani, na maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9 pamoja na bikaboneti nyingi. Katika maji ya aina hiyo kabonidayoksaidi iliyo huru ni kidogo sana. Mimea isiyojua kutumia kitu kingine hudhoofika, lakini ipo mimea inayoweza kuichukua bikaboneti yenyewe na kupata humo kaboni inayoitaka. Ushahidi uko ziwani. Kwenye ghuba tulivu zenye mchanga huota Vallisneria, majani marefu kama riboni, na hakuna aliyeipulizia gesi. Yenyewe ni ndefu mno kuwa zulia, lakini inatufundisha kuwa maji haya si adui wa majani.

Kwa zulia, mmea wa kwanza ninaoupendekeza ni Sagittaria subulata, ambao hapa nitauita sagitaria. Asili yake ni upande wa mashariki wa bara la Amerika, ambako huota hata kwenye milango ya mito penye maji ya chumvichumvi, kwa hiyo maji magumu hayaushtui. Jani lake ni kama jani la mpunga uliochipua karibuni. Utambaaji wake kila mkulima ataufahamu mara moja, kwani ni ule wa ukoka: mche hutoa kikamba chini ya mchanga, sentimita chache mbele huzuka mtoto, naye mtoto akishashika mizizi hutoa kikamba chake. Ukipata mwanga wa kutosha hubaki na urefu wa sentimita 5 hadi 15. Ukiwa kivulini hurefuka kuutafuta mwanga, hata ukafikia sentimita 30, na hapo si zulia tena bali nyasi za kukata kwa panga.

Wapo wanaopenda zaidi Marsilea, jimbi dogo ambalo jamaa zake huota katika mashamba ya mpunga ya Afrika na Asia. Nje ya maji lina vijani vinne kwenye kikonyo kimoja, na ndivyo linavyouzwa. Likishazamishwa huacha vijani vile na kutoa jani moja moja la mviringo, na hapo ndipo wateja hurudi dukani wakidai wamebadilishiwa mmea. Hakuna aliyewabadilishia. Ni mmea mzuri, mvumilivu, ila mwendo wake ni wa pole. Majani yale membamba kama nywele, Eleocharis, nayo huwezekana bila gesi, lakini hunasa uchafu na hutaka tangi lililotulia. Cryptocoryne parva ya Sri Lanka sitaizungumzia sana. Inafaa kwa mtu anayeweza kusubiri mwaka mzima bila kuuliza.

Udongo chini, mchanga juu

Njia ninayoifuata haikuvumbuliwa na mimi. Mmarekani Diana Walstad aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999, nayo inafaa sana kwa watu wasio na fedha za mitambo. Chini kabisa unaweka udongo wa kawaida wa bustani, unene wa sentimita 2 na nusu. Juu yake unaweka mchanga mkubwa au kokoto ndogo, unene uleule. Udongo hulisha mizizi, na vijidudu visivyoonekana vilivyomo huozesha masalia na kutoa kabonidayoksaidi kidogo kidogo. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hukamilisha mbolea. Mtungi wenu, kwa maneno mengine, ni ule udongo.

Udongo huo usiwe na samadi wala mbolea ya dukani. Hili nalisema kwa herufi kubwa ingawa mhariri hataniruhusu. Samadi ndani ya maji hutoa amonia, na amonia katika maji yenye pH ya juu kama yetu ni sumu kali zaidi kwa samaki kuliko katika maji laini. Chukua udongo wa mahali pasipofugwa ng'ombe wala mbuzi, upepete, utoe mizizi na vijiti, uloweke siku mbili tatu ukimwaga maji ya juu. Mchanga nao uoshe mpaka maji yatoke meupe. Wengi huchoka kabla ya hapo na matokeo yake ni tangi lenye rangi ya chai ya maziwa.

Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30 inatosha miche 30 ya sagitaria, ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 7 hivi. Mwenye pesa kidogo anaweza kuanza na 12 na kungoja zaidi. Kata mizizi ibaki sentimita 3, uushike mche kwa kibano, uuchomeke ndani kidogo kisha uuvute juu taratibu mpaka shingo, pale jani na mizizi vinapokutana, ibaki juu ya mchanga. Shingo ikizikwa huoza. Panda tangi likiwa na maji kidogo tu, halafu funika kwa karatasi ya nailoni au sahani na umimine maji juu yake polepole ili udongo usitibuke. Maji ya bomba yenye klorini yaache ndooni usiku kucha, ndoo ikiwa wazi.

Baada ya hapo huja wiki mbili za kuvunjika moyo. Majani ya zamani hugeuka njano, kisha huwa kama kioo, kisha huyeyuka. Ni kawaida, mmea ulioota nje ya maji au katika maji mengine huyaacha majani yake na kutengeneza mapya. Usiung'oe kuangalia kama mizizi ipo. Wanafunzi wangu huwa na hamu hiyo, nami huwazuia kwa kuwaambia waende kwanza wakang'oe mihogo ya mama zao kuangalia kama imeota. Katika wiki hizo usiweke samaki. Badilisha nusu ya maji mara moja au mbili kwa wiki, kwani udongo mpya hutoa amonia yake ya kwanza, na ngoja wiki tatu au nne.

Kuhusu taa, taa nyeupe ya kawaida ya LED inatosha, saa 7 au 8 kwa siku. Usiliweke tangi panapopigwa na jua la alasiri. Na kama umeme umekatika mchana, usilie. Walstad mwenyewe hushauri taa zizimwe kwa saa kadhaa katikati ya siku ili kabonidayoksaidi iliyotumika asubuhi ijikusanye upya, basi huku kwetu pumziko hilo mara nyingi tunapangiwa na wengine. Wa kuwahurumia umeme unapokatika usiku ni samaki, kwa sababu gizani majani hayatoi oksijeni bali huivuta, na tangi lenye samaki wengi bila pampu linaweza kuwa makaburi ifikapo alfajiri. Weka samaki wachache.

Mwezi wa pili utaviona vikamba. Mwezi wa tatu au wa nne mchanga huanza kupotea. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, chuma kimepungua, jambo la kawaida katika maji yenye pH ya juu. Dawa yake haina gharama: finyanga vidonge vya udongo mwekundu wa mfinyanzi, ukubwa wa njegere, vikaushe kabisa juani, uvisukumize chini karibu na mizizi.

Samaki wa ziwa letu hawataki zulia

Hapa ndipo biashara nyingi huharibika. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya cichlid, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Tangu mwaka 1971, Pierre Brichard alipoanzisha Burundi kampuni ya kuwasafirisha wakiwa hai, samaki hao wamekuwa wakienda Ulaya na Marekani kama mapambo. Mmoja wao alipewa jina lake na wanasayansi, Neolamprologus brichardi, na madukani ng'ambo huuzwa kwa jina la Binti Mfalme wa Burundi. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni pwani ana haki ya kutaka tangi lake lionyeshe samaki wa kwao.

Ila samaki hao wamezoea mawe na mchanga. Wapo wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, wanaochimba mchanga usiku na mchana mpaka kioo cha chini kionekane. Wapo Tropheus, ambao kazi yao ni kukwangua mwani juu ya mawe na hawachagui sana wanachokwangua. Na kwa wale wanaofikiria kuweka vifaranga vya ngege ili baadaye wawale, sagitaria kwao ni mboga.

Mama mmoja mfanyabiashara, aliyekulia Mishamo kama mimi nilivyokulia Ulyankulu na kurejea mwaka 2009, alipata oda ya aina hiyo. Nyumba ya wageni ya pwani, ambayo sitaitaja, ilimwagiza tangi kubwa lenye zulia. Alilipwa nusu. Fundi kioo alilijenga vizuri kwa vioo vinene na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, akaliacha wiki nzima likauke, miche ikapandwa na ikashika. Mwenye nyumba akamwaga humo samaki wa makombe 20, siku iliyofuata. Kufikia siku ya kumi miche ilikuwa inaelea, na nusu ya pili ya malipo ikakataliwa.

Nilipoitwa kuangalia, tajiri alikuwa amekwishaamua kuwa miche ilikuwa mibovu. Nilimwomba azime taa za chumba tukae kimya dakika tano. Samaki wenyewe walimwonyesha. Mmoja alishika mdomoni mchanga uliozunguka shina, akautema pembeni, akarudi, akashika tena. Mwenye nyumba alicheka, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu tuingie. Tukakubaliana tangi ligawanywe: upande mmoja mchanga mtupu na makombe, upande wa pili mawe yenye Anubias ndogo, mmea mgumu wenye asili ya Kameruni na majirani zake, ambao hufungwa kwa uzi juu ya jiwe wala hauhitaji kupandwa. Shina lake nene halizikwi kamwe. Pembeni mwa mawe tukafunga kigoga cha Java juu ya vipande vya wavu, ambacho huota na kuufunika wavu wote, nacho ni zulia lisiloweza kufukuliwa. Malipo yaliyobaki yalitolewa, ingawa kwa awamu.

Anayelitaka zulia la sagitaria kabisa aweke gapi, samaki wadogo wenye mikia ya rangi ambao hustawi katika maji magumu, na awape chakula kidogo. Hawachimbi.

Ndoo iliyobaki

Tulipomaliza, mama yule alibaki na ndoo nzima ya sagitaria iliyong'olewa. Tulikuwa tumesimama barazani, mawimbi yakisikika.

“Mwalimu, hizi nizimwage wapi? Ziwa si hilo hapo.”

“Mama, usimwage humo.”

“Majani tu haya?”

Ni swali la haki, na wengi hulijibu kwa vitendo kila wiki. Zulia likishakamilika halisimami. Kila mwezi hutoa vikamba vya ziada vinavyopanda juu ya mawe na juu ya vichwa vya wenzao, na lazima vipunguzwe. Mwenye tangi moja la lita 54 huweza kutoa nusu ndoo kila baada ya miezi michache. Na mtu aliyehangaika na mche kwa miezi minne huona uchungu kuuua, basi huona heri aupeleke “kwao”, majini.

Magugu maji yaliyoziba Ziwa Victoria hayakuwa ya kwetu. Asili yake ni Amerika Kusini, na yalisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Watu waliyapanda kwenye vidimbwi vya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana Ziwa Victoria, na mto Kagera, ambao vijito vyake huanzia Rwanda na hapa Burundi, ukawa unayashusha siku baada ya siku. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa yamefunika maelfu ya hekta, mitumbwi haipiti, meli hazitii nanga, nyavu hazitegeki. Uganda ilianza mwaka 1995 kuachia wadudu wa Neochetina wanaoyala, na nchi jirani zikafuata. Hayajakwisha. Sagitaria haielei kama magugu hayo, na sisemi kuwa itafanya yaleyale. Nasema kwamba mmea unaojizalisha kwa kikamba, usioogopa maji magumu wala chumvi kidogo, una sifa zote za mgeni asiyeondoka. Huko Florida, Marekani, Hydrilla iliingia katika miaka ya 1950 kupitia biashara hii hii ya matangi ya samaki, ikatupwa mifereji, na serikali imekuwa ikilipa tangu hapo.

Kwa Tanganyika hatari ina sura yake. Ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka. Kinachoingia hakisombwi. Aidha, huhitaji hata kumwaga ziwani. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia kwenye nyumba na bustani za pwani, Bujumbura, Rumonge hadi huku kusini. Beseni la miche lililokuwa uani likawa ndani ya ziwa bila mtu kulibeba. Nashauri anayeotesha miche ya kuuza asiiweke kwenye kidimbwi cha wazi karibu na ufuo, bali ndani ya nyumba au kwenye mapipa mahali pa mwinuko.

Jambo lingine linawahusu wenzetu wa mpakani. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaijua ile karatasi nyepesi ya uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Wengi huamini kuwa ukishakuwa nayo umemaliza. Karatasi ile inahusu ushuru. Mche hai, hata ukiwa ndani ya chupa ya soda, ni mche, nao huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Upande wa Tanzania wanaoshughulika na hilo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Uliza pia kabla ya safari kama nchi unakokwenda inataka kibali cha kuingiza. Kufika Manyovu na ndoo ya majani ukiwa na karatasi ya ushuru peke yake ni kuipoteza ndoo, na afisa anayeimwaga kando ya barabara badala ya kuichoma anaharibu kazi yake mwenyewe.

Afadhali miche iliyokuzwa maabara ndani ya vikopo vilivyofungwa, kwenye ute kama jeli. Haina konokono, haina mayai ya konokono, haina mwani, na huvumilia safari ya siku kadhaa ikiwa kivulini. Cheti kinahitajika kwayo pia, ila ukaguzi wake ni mwepesi kwa sababu kila kitu kinaonekana. Mtu akinunua vikopo vichache mara moja na kuvioteshea huku, hana sababu ya kuvuka na mimea tena. Sagitaria itamzalia miche kuliko wateja alionao.

Ile ndoo tuliipakia kwenye baiskeli tukaenda nayo shuleni. Tuliichambua na wanafunzi mezani. Miche 34 ilikuwa na shingo nzima na mizizi, mama akairudisha kwenye beseni ili aiuze. Iliyobaki tuliitandaza juu ya bati kwa siku nne za jua kali, mpaka jani likishikwa linavunjika kama karatasi. Ndoo nzima ilibaki viganja viwili. Tukaitia katika shimo la mboji nyuma ya darasa la sita, mbali na mtaro, tukafukia. Mama yule alikuwa amekwishaniuliza mara mbili kama nawajua watu wengine wenye matangi ya kokoto za buluu, nikamwandikia majina ya nyumba tatu za wageni na duka moja la dawa.